Setilaiti ziendazo kwa safu: Wahandisi wa anga wanajifunza nini kwa ndege, siafu na nyuki?

Setilaiti mbili au zaidi zinapotakiwa kuizunguka dunia zikiwa zimepangana, kosa la mita kumi tu huweza kuzitenganisha kwa zaidi ya kilomita moja kwa siku, na kila sahihisho hula mafuta yasiyoweza kuongezwa. Kwa takriban miaka thelathini sasa, wataalamu wamekuwa wakitafuta msaada katika mienendo ya viumbe. Makala haya yanaeleza jinsi mbinu hizo zinavyofanya kazi, zilikofika, na kwa nini bado hazijakabidhiwa usukani.

Ziwa lililopimwa kutoka angani

Katika miaka ya 2005 na 2006, wakazi wa kandokando ya Ziwa Victoria, kuanzia Mwanza na Musoma hadi Kisumu na Jinja, walishuhudia maji yakirudi nyuma na fukwe zikipanuka. Nchini Uganda, ambako umeme mwingi hutokana na maji yanayotoka ziwani humo kupitia Mto Nile, mgao wa umeme ulikuwa mkali. Mabishano yakazuka: je, ni ukame uliopunguza maji, au ni mabwawa ya Jinja yaliyokuwa yakiyaachilia kupita kiasi?

Sehemu ya jibu ilitoka mahali ambapo wengi hawakupatazamia. Tangu tarehe 17 Machi 2002, setilaiti mbili pacha za mradi wa GRACE, ulioendeshwa kwa pamoja na Marekani na Ujerumani, zilikuwa zikifuatana angani kwa umbali wa kilomita 220 hivi. Hazikupiga picha za ardhi. Kazi yake kuu ilikuwa kupimana umbali kwa mawimbi ya redio, kwa usahihi wa mikromita chache, yaani kipimo kidogo kuliko unene wa unywele. Setilaiti ya mbele ilipokaribia eneo lenye uzito mkubwa zaidi, kama ziwa lililojaa au ardhi iliyolowa, ilivutwa mbele kidogo na pengo likapanuka. Ya nyuma ilipofika hapohapo, nayo ikavutwa na pengo likapungua. Kwa kulinganisha vipimo vya mwezi hadi mwezi, wanasayansi waliweza kujua maji yameongezeka wapi na yamepungua wapi, hata yale yaliyofichika chini ya ardhi.

Mwaka 2009 watafiti wa Marekani Sean Swenson na John Wahr walichapisha uchunguzi uliounganisha vipimo hivyo na vile vya setilaiti zinazopima kimo cha maji. Walililinganisha Ziwa Victoria na maziwa mengine ya Afrika Mashariki ambayo mwanadamu hayasimamii kwa mabwawa, na wakahitimisha kwamba hali ya hewa ilieleza takriban nusu tu ya kupungua kwa ziwa hilo. Nusu iliyobaki ilitokana na jinsi maji yalivyoachiliwa. Kwa nchi zinazogawana bonde hilo, zikiwemo Rwanda na Burundi ambako Mto Kagera unaanzia, hili halikuwa jambo dogo. Ni nadra sana mgogoro wa maji ya mipakani kupata shahidi asiye na uraia wa upande wowote.

Setilaiti moja, hata iwe kubwa namna gani, haiwezi kutoa ushahidi wa namna hiyo. Kinachopima ni uhusiano uliopo kati ya mbili, na uhusiano huo lazima ulindwe kwa miaka. Kwa GRACE ulinzi ulikuwa mwepesi kiasi, kwa sababu pengo la kilomita 220 lingeweza kuongezeka au kupungua kwa kilomita kadhaa bila madhara. Hali ni tofauti kabisa kwa setilaiti za Ujerumani TerraSAR-X na TanDEM-X, ambazo tangu mwaka 2010 zimekuwa zikiruka pamoja zikitenganishwa na mamia ya mita tu, huku kila moja ikikimbia kwa mwendo wa zaidi ya kilomita saba kwa sekunde. Ni kwa ukaribu huo zilipata ramani ya mwinuko wa ardhi ya dunia nzima, iliyokamilika mwaka 2016.

Kufunga breki ili kumpita mwenzako

Mtu anayeendesha pikipiki akitaka kumfikia aliye mbele yake huongeza mafuta. Rubani wa setilaiti akifanya vivyo hivyo atazidi kuachwa nyuma. Injini ikiisukuma setilaiti mbele, setilaiti hiyo hupanda kwenye obiti ya juu zaidi, yaani njia pana zaidi ya kuizunguka dunia, na huko juu safari ya mzunguko mmoja huchukua muda mrefu zaidi. Anayetaka kumfikia mwenzake hana budi kufunga breki, ashuke kidogo, ampite kwa chini, kisha apande tena.

Ukubwa wa athari hiyo unaweza kukokotolewa kwa kalamu. Tuseme setilaiti mbili zinafuatana karibu na dunia, na moja iko chini ya nyingine kwa mita kumi tu. Kila mzunguko, ambao huchukua takriban dakika 95, ile ya chini itatangulia kwa mita 94 hivi. Kwa siku moja setilaiti hizo huizunguka dunia mara kumi na tano, kwa hiyo pengo huwa limekua kwa karibu kilomita moja na nusu. Hapo hatujataja hewa nyembamba iliyobaki katika tabaka hizo za juu, ambayo huikwamisha zaidi setilaiti yenye paneli pana kuliko iliyo nyembamba. Wala hatujataja kwamba dunia haikuviringika sawasawa bali imevimba kidogo kwenye ikweta, jambo linalozizungusha obiti polepole, kila moja kwa kiasi chake.

Hesabu za mwendo huu zina historia ndefu. Mwanahisabati wa Marekani George William Hill alizianzisha mwaka 1878 alipokuwa akiuchunguza mwezi. Mwaka 1960 W. H. Clohessy na R. S. Wiltshire wakaziandika upya kwa ajili ya vyombo viwili vinavyokutana angani. Milinganyo yao bado hufundishwa, kwa sababu ni mifupi na inafaa pale setilaiti zinapokuwa karibukaribu kwenye njia ya duara. Ikiwa njia si duara, au setilaiti ni nyingi, au mafuta yamebaki kidogo na kuna hatari ya kugongana, milinganyo hiyo haitoshi tena.

Mafuta ndiyo roho ya jambo hili. Setilaiti hurushwa na akiba yake yote, na kwa vyombo vidogo hakuna kituo cha kujazia huko juu. Tarehe 15 Aprili 2005 shirika la anga la Marekani, NASA, lilirusha chombo kilichoitwa DART, ambacho kilipaswa kuikaribia setilaiti ya zamani iitwayo MUBLCOM bila kuongozwa na binadamu. Makosa katika taarifa za mahali kilipo yalikifanya kijisahihishe mara kwa mara bila sababu. Baada ya takriban saa 11, katika safari iliyopangiwa saa 24, mafuta yalikuwa yakielekea kwisha, na kabla kompyuta yake haijatambua hivyo kilikuwa tayari kimeigonga setilaiti ile. Bahati ilikuwa kwamba mgongano huo ulikuwa wa polepole, nayo MUBLCOM haikuvunjika.

Ukungu katika nchi ya milima elfu

Kwa nini basi kuwaendea ndege na wadudu? Kwa sababu kupanga safari ya setilaiti kadhaa kwa pamoja ni kazi ya kutafuta, na mahali pa kutafutia ni pakubwa kupita kiasi.

Tuchukue mfano wa setilaiti nne zinazotakiwa kujipanga katika umbo la piramidi, kama zile za mradi wa Marekani wa MMS zilizorushwa mwezi Machi 2015 kuchunguza uga wa sumaku wa dunia, ambazo mwaka uliofuata zilisogeleana hadi kilomita 7.2. Tuseme kila setilaiti itawasha injini yake mara tatu. Kila mara tunapaswa kuamua wakati wa kuwasha, na nguvu ya msukumo kuelekea pande tatu: mbele au nyuma, juu au chini, kushoto au kulia. Hizo ni namba nne kwa kila msukumo, kumi na mbili kwa kila setilaiti, arobaini na nane kwa kundi zima. Mpango mmoja ni orodha ya namba 48. Kati ya mipango isiyohesabika, upi unazifikisha zote mahali pake kwa mafuta kidogo zaidi bila mbili kukaribiana kupita kiasi?

Msomaji na ajifikirie yuko Rwanda, nchi ya milima elfu, asubuhi yenye ukungu mzito, akitakiwa kutafuta bonde la chini kabisa nchini. Kimo cha ardhi ni mafuta yatakayotumika, na kila mahali pa kusimama ni mpango mmoja. Akifuata tu mteremko ulio mbele ya miguu yake atafika kwenye bonde, lakini huenda likawa bonde dogo la kilima cha jirani, na kwa sababu ya ukungu hataona kwamba ng'ambo ya mlima kuna la chini zaidi. Mbinu za kawaida za hisabati, ambazo hufuata mteremko, hunasa hivyo.

Mwaka 1995 Wamarekani wawili, James Kennedy aliyekuwa mwanasaikolojia wa mambo ya jamii na Russell Eberhart aliyekuwa mhandisi wa umeme, walipendekeza njia nyingine katika mkutano uliofanyika Perth, Australia. Walikuwa wakiiga makundi ya ndege kwenye kompyuta. Miaka minane kabla yao, Craig Reynolds alikuwa ameonyesha kwamba kundi zima huweza kuigwa kwa sheria tatu tu: usimgonge jirani, fuata uelekeo wa majirani, usijitenge mno. Kennedy na Eberhart waliona kwamba kundi la namna hiyo linaweza kufanywa litafute.

Mbinu yao hujulikana kuwa ni ya kundi la chembe. Badala ya mtu mmoja kwenye ukungu, tunawatuma arobaini, wametawanyika nchi nzima. Kila mmoja anakumbuka mahali pa chini kabisa alipowahi kufika mwenyewe, na wote wanapeana habari za mahali pa chini kabisa kundi lilipowahi kufika. Katika kila hatua, mtafutaji anavutwa na mambo matatu: mwendo aliokuwa nao, kumbukumbu yake, na habari za wenzake. Ni kiasi gani avutwe na kipi huamuliwa kwa sehemu na bahati, kana kwamba anatupa kete. Mwanzoni kundi hutapakaa, kisha hukusanyika kidogokidogo kuelekea bonde lenye matumaini. Algoriti, yaani mfuatano mzima wa hatua hizo, huandikwa katika mistari michache tu ya programu. Mwaka 2010 Mauro Pontani na Bruce Conway walichapisha utafiti uliotumia mbinu hiyo kutafuta njia za vyombo vya angani, nao huonwa na wengi kuwa wa kuanzia katika uwanja huo.

Katika mfano wetu wa setilaiti nne, kila "ndege" wa kundi ni orodha kamili ya namba 48. Kompyuta huirusha orodha hiyo katika anga la kuigiza, hujumlisha mafuta, na kuongeza adhabu kubwa ikiwa setilaiti mbili zimekaribiana kupita kiasi. Mpango wenye adhabu huonekana kama kilele cha mlima, na kundi hukimbia kutoka huko. Uzuri wa njia hii ni kwamba hauhitaji mtu ajue mteremko. Unahitaji tu kuweza kusema mpango huu ni bora kuliko ule. Ndiyo maana hutumika pia kuchagua namba za ndani za mitambo ya kuongozea: mtambo usahihishe kosa kwa ukali gani, upuuze kosa dogo la kiasi gani. Kwa maoni ya mwandishi, hapo ndipo mahali pake pa manufaa makubwa, ingawa hakuna kishindo.

Antena iliyozaliwa

Kabla ya kundi la chembe kulikuwa na mbinu ya kijenetiki, iliyoelezwa na John Holland wa Chuo Kikuu cha Michigan katika kitabu chake cha mwaka 1975. Humo jawabu huzaliana. Mipango iliyo bora hupandishwa, watoto wao hurithi namba kutoka kwa wazazi wote wawili, na mara mojamoja namba moja hubadilishwa kwa nasibu. Vizazi mamia hupita katika muda wa saa chache.

Mbinu hiyo imesafiri angani kwa sura inayoweza kushikwa mkononi. Tarehe 22 Machi 2006 NASA ilirusha setilaiti tatu ndogo za mradi wa ST5, kila moja ikiwa na uzito wa kilo 25 hivi, zikapangwa kufuatana kama shanga katika uzi. Zilibeba antena ambayo hakuna mhandisi aliyeichora. Wataalamu wa kituo cha Ames huko California waliieleza kompyuta antena inapaswa kusikika vipi, wakaiacha izalishe maumbo ya waya, iyapime, iyazalishe tena. Kilichotokea kilifanana na pini ya karatasi iliyopindwa na mtoto mwenye hasira. Kilifanya kazi. Njia ya setilaiti ilipobadilishwa wakati kazi ya kubuni ikiendelea, na mahitaji ya antena yakabadilika nayo, kompyuta ilizalisha nyingine badala ya timu kuanza upya kwa mkono.

Nani aende wapi

Siafu na wenzao waliingia uwanjani kupitia Mtaliano Marco Dorigo, katika tasnifu yake ya udaktari ya mwaka 1992 mjini Milano. Sisimizi akipata chakula huacha harufu njiani. Njia fupi hupitwa mara nyingi zaidi kwa muda uleule, harufu yake hukolea, na wengine huifuata; harufu ya njia ndefu huyeyuka. Katika kompyuta, harufu ni namba inayoongezwa kwenye chaguo lililoleta matokeo mazuri na kupunguzwa kwa mengine. Mbinu hii inafaa pale ambapo jambo la kuamua ni mpangilio, si kipimo.

Kwa setilaiti, swali la mpangilio ni hili: zikiwa nyingi na zinafanana, ipi iende nafasi ipi? Zikiwa nne kuna njia 24 za kuzigawa. Zikiwa kumi, njia ni 3,628,800. Zikiwa ishirini, idadi ni zaidi ya bilioni mbili mara bilioni moja. Namba hizi hupendwa sana katika makala zinazosifu mbinu za wadudu, na hapa yafaa kuwa waangalifu. Kama gharama ya kila setilaiti kufika kila nafasi inajulikana na haitegemei wenzake, basi tatizo hilo lilikwisha tatuliwa mwaka 1955 na Harold Kuhn, kwa njia ambayo hupata jawabu bora kabisa, kwa hakika, bila mdudu yeyote. Siafu huhitajika pale tu ambapo safari ya mmoja inabadilisha gharama ya mwingine: kwamba huyu akipita sasa yule lazima asubiri, au kwamba mafuta yanapaswa kutumika kwa usawa ili moja isizimike mapema na kuliharibu kundi lote.

Majina mengi, mbinu chache

Baada ya siafu ilifuata ghala nzima ya wanyama. Derviş Karaboğa wa Uturuki alileta nyuki mwaka 2005. Xin-She Yang alileta vimulimuli mwaka 2008 na popo mwaka 2010. Wapo sasa mbwa mwitu, nyangumi na wengine wengi, na kila mmoja ana makala zinazoonyesha akiwashinda waliomtangulia.

Wataalamu wengi hawafurahii hali hiyo. Mwaka 1997 David Wolpert na William Macready walithibitisha kwa hisabati kwamba, ukichukua matatizo yote yanayowezekana kwa pamoja, hakuna algoriti ya kutafuta iliyo bora kuliko nyingine. Anayeshinda hapa atashindwa kule. Mwaka 2015 Mbelgiji Kenneth Sörensen aliandika kwa ukali kwamba mafumbo ya wanyama mara nyingi huficha mbinu za zamani zilizovishwa nguo mpya. Ukimvua popo mabawa yake unaweza kumkuta ndege wa mwaka 1995. Kwa anayefuatilia habari za setilaiti, onyo hili lina faida ya moja kwa moja: akisoma kwamba mnyama mpya amepunguza matumizi ya mafuta, na aulize kwanza amelinganishwa na nini.

Nani ameshika usukani

Swali linalobaki ni je, kuna setilaiti zinazoruka kwa safu huku kundi la ndege wa kompyuta likiamua, papo kwa papo, injini iwashwe lini? Katika miradi mikubwa inayojulikana, jibu ni hapana.

Mfano mzuri ni Proba-3 ya Shirika la Anga la Ulaya, iliyorushwa kutoka Sriharikota, India, tarehe 5 Desemba 2024. Ni setilaiti mbili zinazoigiza kupatwa kwa jua: moja, yenye sahani ya kipenyo cha mita 1.4, huliziba jua, na nyingine, iliyo nyuma yake kwa mita 150 hivi, hupiga picha za korona, taji la mwanga linalolizunguka jua. Kivuli kinachoangukia kamera kina upana wa sentimita chache tu, kwa hiyo setilaiti hizo lazima zishikane kwa usahihi wa milimita, bila fimbo wala kamba. Njia yake ni yai refu, kuanzia kilomita 600 hadi zaidi ya 60,000 kutoka duniani, na mpangilio hushikiliwa kwa muda wa saa sita hivi tu, huko mbali kabisa, ambako mvuto wa dunia ni hafifu na masahihisho hula mafuta kidogo. Picha za kwanza zilitolewa mwezi Juni 2025.

Setilaiti hizo zilijipanga zenyewe, lakini si kwa kuiga kundi la ndege. Moja huitazama nyingine kwa kamera inayofuata taa ndogo. Kisha leza hupima umbali. Kisha vihisi vya mwanga huangalia kama kivuli kimekaa katikati. Kila kosa huzaa sahihisho linaloweza kukokotolewa mapema. TanDEM-X nayo hutegemea mpangilio wa njia uliobuniwa kwa hisabati ya kawaida, ambapo setilaiti mbili huzungukana kama nyuzi za kamba iliyosokotwa, kiasi kwamba hata injini zikinyamaza kwa muda njia zao hazikutani mara moja.

Sababu ya tahadhari hiyo inaeleweka. Algoriti inayotupa kete inaweza kutoa majibu mawili tofauti kwa swali lilelile, na likitokea ajali ni vigumu kuchunguza kwa nini ilichagua hivyo. Haiahidi kumaliza ndani ya muda uliowekwa. Kompyuta zinazostahimili mionzi ya angani pia huwa nyuma kwa miaka mingi zikilinganishwa na simu iliyo mfukoni mwa msomaji. Aidha, wahandisi wamejifunza kuyaandika upya matatizo mengi ya safu ili yawe na umbo la bakuli lenye kitako kimoja, na ndani ya bakuli anayefuata mteremko hafi maji katika bonde la jirani. Kwa hiyo kundi la chembe hubaki ardhini, ofisini, miezi kabla ya safari, likitafuta mipango ambayo binadamu wataikagua mmojammoja.

Hata hivyo kuna njia nyingine ya kumwiga ndege, nayo ni tofauti na ya kutafuta. Ni kumpa kila setilaiti sheria chache za jirani, kama zile za Reynolds, bila kiongozi. Mwaka 2007 Dario Izzo na Lorenzo Pettazzi, katika kazi iliyohusishwa na kikosi cha utafiti wa mbele cha Shirika la Anga la Ulaya, walionyesha kwenye hesabu kwamba setilaiti zinazofuata sheria za kuvutana na kusukumana huweza kujipanga zenyewe katika umbo linalotakiwa, kila moja ikichagua nafasi yake bila kuagizwa. Umuhimu wa wazo hilo unakua kadiri idadi inavyoongezeka, kwa kuwa kituo cha ardhini hakiwezi kuzisimamia setilaiti mia moja kama kinavyosimamia mbili. Mwezi Julai 2023 NASA ilirusha setilaiti nne ndogo za mradi wa Starling kutoka New Zealand ili kujaribu hatua za mwanzo za uhuru huo: kuzungumza zenyewe kwa zenyewe, kutambua wenzake zilipo kwa kutumia kamera zinazotazama nyota, na kupanga masahihisho bila kusubiri amri.

Kwa upande wa maji, warithi wa GRACE walirushwa tarehe 22 Mei 2018 baada ya pacha wa kwanza kumaliza kazi mwaka 2017. Walikuwa angani Ziwa Victoria lilipojaa hadi kiwango cha juu kisichowahi kurekodiwa, mwezi Mei 2020, safari hii wakazi wa fukwe zilezile wakikimbia mafuriko. Pacha hao hubeba, pamoja na mawimbi ya redio, leza ya majaribio ambayo hupima pengo lao kwa usahihi mkubwa zaidi. Jozi ya tatu, iitwayo GRACE-C, itakayotegemea leza kuwa kipimo chake kikuu, inatayarishwa na Marekani na Ujerumani, na imepangwa kurushwa mwaka 2028.